Safu ya Tano

Fomu ya serikali imekuja kwa pikipiki,
kurasa nne, zinanuka petroli na mfuko wa koti.
Bwana Kapend, mkaguzi, anasema Jimbo litalipa
kwa kila kichwa atakachokikuta darasani Ijumaa,
si kilichokuwapo jana, si kitakachokuja kesho.
Kichwa? nimeuliza. Kichwa, amesema,
mwili ni juu yenu.

Usiku huu Katuba haina umeme.
Najaza, simu imeniwakia mdomoni.
Jina. Umri. Shule aliyotoka. Tarehe.
Safu ya tano: sababu ya kufukuzwa.
Wameipa upana wa vidole viwili.

Mukeya Ndala, kumi na sita: mimba.
Neno moja. Limeenea, na nafasi imebaki.
Banza: alimpiga mwalimu.
(Hapana pa kuandika kwamba mwalimu alisoma kwa sauti
majina ya wenye deni, la Banza akalisoma mara mbili,
na mara ya pili akacheka.)
Tshikala: usingizi. Usingizi wa mtoto
anayeosha mawe ya shaba usiku, vidole vimegeuka kijani,
kisha asubuhi anadaiwa mito ya Ulaya.
Mwadi hasemi. Barua yake inasema "tabia".
Nimeandika tabia. Neno hilo halina mlango,
linaingia popote, kama vumbi la mwezi wa kumi.

Shule yetu ilikuwa kinu cha mahindi;
ukigonga ukuta bado unatema unga.
Ubao tuliupaka makaa ya betri zilizokufa,
tukausugua kwa majani ya muhogo,
na chaki tunaivunja vipande vitatu kabla ya kuitumia.
Dirishani unasimama ule mlima mweusi,
taka ya kiwanda, iliyomwagwa baada ya shaba kutolewa.
Siku hizi matajiri wanauchimbua upya:
kumbe ndani mlibaki kitu.
Mimi sikutaka kufananisha.
Watoto wenyewe wamefananisha, wakacheka sana.

Jana redioni mtu alipiga simu:
kodi yangu ikawalishe waliopiga walimu?
Nilikuwa nakula bukari iliyoletwa na mama yake Banza,
ndiyo mshahara wangu wa wiki.
Jibu fupi sikuwa nalo. Nikaongeza chumvi.

Namba kumi na tisa: Kalenga Mumba.
Hapa kalamu imesimama.
Sababu yake naijua kwa kichwa, niliiandika mimi,
kwa mwandiko huuhuu, miaka miwili iliyopita,
nilipokuwa mkuu wa nidhamu kule kwenye lango la chuma,
kwenye matofali ya kuchoma na mabafa ya maua:
"Alipasua gurudumu la pikipiki ya mkurugenzi. Asirudi."
Mhuri niliugonga mara mbili, wino ulikuwa umekauka.
Kisu sikuuliza kimetoka wapi.
Kilikuwa cha mama yake, cha kukatia makayabu sokoni,
na asubuhi ile tulikuwa tumemrudisha nyumbani
kufuata ada ambayo kisu hicho kilikuwa bado kinaitafuta.

Hajawahi kunitajia. Siku yangu ya kwanza hapa
alinitazama kwa muda, akaninyanyulia kiti,
akapangusa unga kwa kiwiko.
Leo tu, wenzake walipokwisha kutoka:
"Mwalimu, na miye mutaniandika?"

Nimekuandika.
Safu ya tano, mbele ya jina lako,
nimeweka langu. Vidole viwili vimetosha.

Kapend atasema hiyo si sababu, ni sahihi
iliyopotea njia. Tutabishana, nitampa kiti.
Ila Ijumaa aje mapema,
kabla ya saa nne, jamani, kabla ya saa nne,
maana ikishapita Tshikala huwa amelala,
na fomu nimeisoma pande zote mbili:
haisemi kama kichwa kilicholala kinahesabiwa.